Maji Yaje Juu ya Nguo

Vumbi la Voi halina adabu. Unaanika shuka nyeupe asubuhi, unageuka kuitikia salamu ya mtu, na ukirudi unaikuta imeshapakwa hina. Dinah Mghoi aligombana na vumbi hilo kwa miaka kumi na mmoja, nyuma ya Nyumba ya Wazee, kwenye kiwanja kidogo kati ya jiko na ua wa michongoma. Kama ungemwuliza nani alikuwa akishinda, angekuonyesha mikono yake, kisha angeendelea kukamua.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mkavu, mwenye kutembea amenyooka hata akiwa na karai kichwani. Watu walimwita Mama Cynthia, kwa jina la binti yake aliyekuwa chuo cha ualimu. Alizaliwa Mghange, juu milimani, ambako maji hayatafutwi. Hushuka yenyewe, yakapita kando ya migomba, yakapita kando ya jiko, na mtu akayachota karibu ameketi. Alisoma hadi darasa la nane wakati wasichana wengi wa rika lake waliishia la nne. Akaolewa na Thadeus, karani wa mizigo katika stesheni ya Voi na mzee wa kanisa, mtu ambaye neno lake lilipokelewa bila kupimwa.

Thadeus alipofariki mwaka wa 1985, ndugu zake walikuja, wakakaa matanga, wakala, na siku ya kuondoka wakamwuliza mjane atahitaji nini. Dinah akawajibu, "Sihitaji kitu." Kwao hawakuwa watu wa kuombaomba. Baba yake alikuwa akisema kwamba anayeomba chumvi kwa jirani leo, kesho ataombwa heshima yake. Wiki mbili baada ya mazishi alijitanda leso yake nzuri, akaenda Nyumba ya Wazee, akasema amekuja kuulizia kazi. Alilitamka neno hilo mara mbili, ili asije mtu akadhani amekuja kuulizia msaada. Wakampa karai.

Nyumba ile ilijengwa na kamati ya watu wa kanisa na wafanyabiashara wa mjini, ng'ambo ya reli, mahali ambapo honi za malori ya barabara kuu hazinyamazi. Wazee walikuwa ishirini na wawili. Dinah alipoingia, madobi walikuwa watatu pamoja naye. Mmoja akaolewa Taveta, wa pili akapata kazi katika hoteli ya watalii mbugani, na hakuna aliyekuja kushika nafasi zao. Kazi haikupungua. Wazee wanajikojolea, wanatapika, wanamwaga uji, na mtu aliyekuwa akiendesha boma zima la ng'ombe Kishushe anafika siku hawezi kujizuia kutoka kitandani hadi mlangoni. Hapo anayemstahi ni yule anayemfulia akanyamaza.

Na Dinah alinyamaza. Alikuwa na utaratibu wake. Kila mzee alikuwa na uzi wa rangi yake uliopigwa pindoni mwa kila nguo, ili suruali ya huyu isimfikie yule. Majina na rangi aliyaandika katika daftari la mistari kwa mwandiko wa shule. Makarai yalikuwa matatu. La kwanza la kung'oa uchafu, nalo halisemwi sana. La pili la sabuni. La tatu la kusuuza. Nguo ikitoka hapo inakwenda kwenye kamba, kisha kwenye pasi ya makaa, na jioni kila kitanda kina shuka iliyonyooka. Mgeni akiingia ukumbini anasikia harufu ya sabuni, hasikii harufu nyingine. Huo ndio uliokuwa mshahara wa pili wa Dinah.

Mtu mmoja tu alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Huyo alikuwa Mzee Abdulbasit, fundi cherehani aliyeshona kwa miaka arobaini kwenye baraza ya duka moja mjini, suti za mabwana harusi na sare za wanafunzi, hadi ugonjwa wa sukari ukamla macho. Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto hakujaliwa. Mpwa wake Rayhana, aliyeolewa na mwenye duka la vitambaa, alitaka kumchukua kwake. Mzee akakataa katakata.

"Sikai katika nyumba ya mume wa mtu nikapigiwa hodi chooni," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Siku alipoletwa, mwaka wa tisini na moja, Rayhana alikwenda moja kwa moja uani, akanyanyua buibui lake lisiguse matope, akasimama mbele ya makarai.

"Mama Cynthia, shikamoo. Mjomba wangu ni mtu wa sala tano. Nguo yake ikiguswa na mkojo, hata tone, hasali nayo. Na kuichovya tu kwenye karai haitoshi. Karai likishaingia najisi, maji yote yameharibika."

"Marahaba. Sasa niifue vipi?"

"Ifue kwa sabuni utakavyo. Mwisho wake uishike juu, uimiminie maji safi kwa kopo, yapite yaende zake. Mara tatu. Maji yaje juu ya nguo, nguo isiingie ndani ya maji. Hapo ndipo inakuwa tohara, safi ya kusalia."

Dinah hakuwa wa dini hiyo, lakini kazi ya makini aliijua akiiona. Akatafuta kopo, akalitundika kwenye msumari wake peke yake, na tangu siku hiyo kanzu mbili za Mzee Abdulbasit zikawa zinasuuzwa kwa kumiminiwa. Kila baada ya siku tatu alimpelekea iliyo safi, na kila mara mzee aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akauliza:

"Mama Cynthia, iko tohara?"

"Iko tohara, Mzee."

Ndipo anaivaa. Hakuwa na macho ya kutazama. Alichokuwa nacho ni neno la mama huyu, na juu ya neno hilo alitandika mswala wake.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mzee Nzomo, Mkamba aliyehesabu mabehewa ya mizigo maisha yake yote na sasa hakuwa na cha kuhesabu. Ulimi wake ndio uliobaki na nguvu.

"Abdulbasit," alikuwa akimchokoza, "unapelekwa peponi na Mkristo wa milimani, tena kwa kopo la maziwa!"

"Nami nitafika," mzee anamjibu. "Wewe utafika kwa nini? Kwa treni ya mizigo?"

Hivyo ndivyo miaka sita ilivyokwenda.

Mvua za vuli za mwaka wa tisini na sita hazikunyesha. Kufikia Januari mbuzi walikuwa wakitafuna karatasi barabarani, na mfereji wa Nyumba ya Wazee ulikuwa ukikohoa asubuhi, unatoa kutu, unanyamaza. Maji yakawa ya mitungi, yanaletwa na Kituku kwa mkokoteni wake wa punda. Jiko linachukua kwanza, chumba cha dawa kinafuata, yanayobaki ndiyo ya nguo. Dinah alizoea mitungi ishirini kwa siku. Sasa siku njema alipata sita, na siku mbaya miwili.

Akayabana maji kama mtu anavyobana unga wakati wa njaa. Yaliyosuuza leo yakawa ya sabuni kesho, ya sabuni yakawa ya karai la kwanza keshokutwa, mpaka yakawa mazito kama uji wa wimbi. Alichagua nani abadilishiwe shuka na nani angoje. Hiyo ndiyo iliyomchosha kuliko kuinama: kupita kitanda cha mzee anayemtazama, akijua ameloa, akamwambia, "Kesho, Baba."

"Nimeiandikia kamati barua mbili, Mama Cynthia," alisema Matroni Nthambi, mkuu wa nyumba ile, mwanamke mwema aliyekuwa na muhuri na kalamu tu.

"Barua hazisuuzi, Matroni."

"Ningefanya nini zaidi?"

Dinah alirudi kwenye makarai yake. Angalimwambia awaendee watu wa mjini awaambie hali, lakini jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kulifanya aliona haya kumtuma mwenzake.

Ramadhani ikaingia katikati ya ukame huo. Mzee Abdulbasit hakufunga, daktari alimkataza, lakini alisali kila sala kwa wakati wake, na jioni Rayhana alimletea futari ili ale pamoja na waliofunga. Siku ya tatu ya mfungo Kituku alileta mitungi miwili kwa ajili ya nguo. Bibi Mbithe, aliyelala mwisho wa chumba cha akina mama, tumbo lilimharibikia tangu alfajiri. Shuka tano. Kufikia saa saba Dinah alikuwa amebaki na maji ya makopo machache tu, bibi wa watu amelazwa juu ya plastiki tupu, na kanzu iko mkononi imejaa povu.

Akayatumia yale maji kwa shuka za Bibi Mbithe. Hilo hakulijutia kamwe.

Kisha akabaki amesimama na kanzu. Mgongo ulikuwa unamwaka. Akalitazama karai la tatu. Maji yake yalikuwa yametulia, na yakitulia yalikuwa karibu meupe. Alijua nini kilikuwa kimepita humo. Akaichovya. Akaichovya mara tatu, kana kwamba hesabu peke yake ingesaidia, akaikamua, akaianika. Jua la Januari likaikausha kabla hajamaliza kukunja shuka, na ikawa nyeupe kama siku zote.

Alasiri aliipeleka. Rayhana alikuwa ameketi kando ya kitanda, chupa ya uji miguuni, akingoja magharibi. Mzee akaipokea, akapitisha kidole gumba.

"Mama Cynthia, iko tohara?"

Kusema "haiko" kulikuwa kusema maji hakuna. Na kusema maji hakuna mbele ya mke wa mwenye duka kulikuwa kuomba.

"Iko tohara, Mzee."

Neno lilitoka lenyewe, kama punda wa Kituku anayejua njia bila kuongozwa.

Siku ya sita maji hayakuwa yameongezeka, akafanya vilevile kwa kanzu ya pili. Siku ya tisa akafanya tena. Mara ya kwanza alikuwa na sababu. Mara ya tatu aligundua kwamba hata kopo hakuligusa, lilikuwa msumarini limeota vumbi. Jumapili kanisani alifungua kinywa wakati wa wimbo, sauti isitoke. Chakula kikawa hakipiti. Alijiambia ni uchovu, na kweli alikuwa amechoka, lakini uchovu wa mikono aliujua kwa miaka mingi na haukuwahi kumzuia kula.

Akamwendea Matroni, akamweleza. Matroni aliweka kalamu chini.

"Nguo ni safi?"

"Machoni, ndiyo."

"Naye haoni. Basi liache, Mama Cynthia. Mungu anajua hakuna maji."

"Lakini aliniuliza."

"Sikiliza. Nimefanya kazi Mombasa miaka minane, nimekaa na watu hawa. Ukimwambia, atazirudia sala zote, moja moja. Magoti yale unayaona? Utampunguzia mzigo wako kwa kumtwisha yeye."

Dinah alirudi uani na maneno hayo. Yalikuwa na ukweli ndani yake, na hilo ndilo lililomtesa. Akisema, anamtesa mzee. Asiposema, kila alfajiri mzee anasimama mbele ya Mungu wake amevaa uongo wa Dinah. Tena kila akilala alimwona Thadeus kwenye meza yake ya mizigo, akipokea vitu vya watu na kuwapa stakabadhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kudai kilichopotea.

Siku ya kumi na mbili Rayhana alikuja mapema kuliko kawaida. Dinah alipoingia na rundo la mito, alimkuta amesimama na kifurushi cha karatasi mkononi.

"Mama Cynthia, njoo. Hii ni yako." Akakifungua. Leso mpya, doti nzima, bado inanuka wanga wa dukani. "Mjomba kaniagiza nikuchagulie nzuri. Nikamwambia, si ungoje Idi? Kasema hapana, mwezi huu ndio."

"Mwanangu, mimi sijafanya kitu."

"Hujafanya! Mikono hiyo ndiyo inayomsalisha mjomba wangu."

Mzee Abdulbasit aliketi kitandani amevaa kanzu ya siku ya tisa, uso ameuelekeza kwenye sauti zao, anatabasamu kama mtu aliyefanikisha njama ndogo.

Dinah aliipokea leso, akahisi ilivyo nzito, akaiweka juu ya kitanda.

"Mzee," alisema, "nina neno."

"Sema, Mama."

"Nguo uliyovaa haiko tohara. Wala ile ya kabla yake. Tangu siku ya tatu ya mfungo sijapata maji ya kumimina. Nilizisuuza kwenye karai pamoja na za wengine. Nilikudanganya."

Nje lori lilipiga honi, likapita. Tabasamu la mzee halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kisha likashuka.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, Mzee."

Vidole vyake vilianza kutembea juu ya goti.

"Arobaini na tano," akasema Mzee Nzomo kutoka kitanda cha pili, kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea. "Tisa kwa tano. Arobaini na tano."

"Ahsante, Nzomo. Hesabu naijua."

Rayhana alikuwa amemgeukia Dinah mwili mzima. "Mama Cynthia! Kisima chetu nyumbani hakijakauka. Kina chumvi kidogo, lakini maji yamo. Ungeniambia neno moja tu, maji, ningekuletea hata mkokoteni mzima! Nilikuwa nimeketi papa hapa, mbele yako! Kwa nini hukusema?"

"Sikuzoea kuomba," alisema Dinah.

"Na kudanganya ulizoea?"

"Rayhana," mzee akasema. "Basi."

Akaanza kufungua vifungo vya kanzu, pole pole, kimoja baada ya kimoja, vidole vya fundi vinavyojua kila tundu. Akabaki na fulana na kikoi, mifupa ya mabega imetokeza. Dinah aliinamisha macho.

"Nguo zangu zichukue wewe, Rayhana, ukazifue kwako. Nawe, Mama Cynthia, umefanya vyema kuniambia ningali hai. Lakini niondokee kwanza."

Akaondoka. Leso ilibaki kitandani. Kesho yake Matroni aliileta uani, na Dinah akaiweka juu ya rafu ya sabuni, ndani ya karatasi yake.

Maisha yana dhihaka. Siku mbili baadaye mfereji ulikohoa, ukatoa kutu, ukaendelea kutoa, na maji yakaja. Dinah akafua kila kilichofulika. Akalisugua karai la kwanza kwa mchanga. Kila kitanda kikapata shuka, na wazee wakamshukuru, na kila aliyemshukuru alimwongezea uzito. Kwenye kamba, kati ya suruali za Mzee Nzomo na fulana za wengine, palikuwa na nafasi ya kanzu mbili. Hakuijaza. Nguo nyingine alizibana zaidi, hiyo akaiacha.

Ndani, Mzee Abdulbasit alikuwa akizilipa zile sala. Kila siku, juu ya sala tano za siku hiyo, aliongeza tatu. Dinah hakuwa anauliza, lakini Mzee Nzomo alikuwa amepata tena kitu cha kuhesabu, naye hakumwacha apite.

"Bado thelathini na sita, Mama!"

"Nimesikia, Mzee."

"Jana alitaka kusimama, goti likalia kama breki ya treni. Sasa anasali ameketi."

"Nimesikia."

"Bado kumi na mbili, Mama Cynthia. Na mimi sijasali tangu wakati wa mkoloni. Za kwangu nikianza kuzilipa si mtanizika nusu njia?"

Mara hiyo hata Dinah alitaka kucheka, isipokuwa uso ulikuwa umesahau.

Siku ya ishirini na saba ya mfungo Nzomo hakupiga kelele. Alimngoja hadi alipofika karibu na kitanda, akainua kidole gumba kuonyesha deni limekwisha, akalala.

Idi ikapita. Siku ya tatu ya Idi Rayhana alitokea uani, buibui amelinyanyua kama siku ile ya kwanza, akaziweka kanzu mbili juu ya jiwe la kufulia.

"Mjomba kasema zirudi kwako."

Dinah alizitazama. "Kasema kwa nini?"

"Nilimwuliza. Kasema mimi natia wanga mwingi, shingo inamwasha." Rayhana alizisukuma karibu naye. "Zaidi ya hapo hakusema."

Akaenda zake. Dinah alishusha kopo kutoka msumarini, akalisugua ndani na nje.

Kwa majuma mawili maji yalikuwapo, naye aliimiminia kila kanzu mara tatu, akaipeleka. Mzee aliipokea, akapitisha kidole gumba, akavaa. Hakuuliza. Dinah alisimama kila mara kitambo kifupi akingoja lile swali, kisha anaokota nguo chafu na kutoka. Hakuwahi kufikiri kwamba swali linaweza kumkosesha mtu usingizi kwa kutoulizwa.

Mwishoni mwa Februari mfereji ukakauka tena. Masika yalikuwa mbali. Siku ya nne ya ukavu huo punda wa Kituku alilala barabarani akakataa kuinuka, na nyumba nzima ikabaki na kilichokuwamo mapipani. Dinah alipewa nusu mtungi. Bibi Mbithe alikuwa ameharibikiwa tena, maskini, na shuka zake zikameza maji yote. Kanzu moja ilikuwa imelowa usiku, iko chini. Ya pili ilikuwa mkononi mwake, imefuliwa kwa sabuni, haijasuuzwa. Jua lilikuwa linapanda. Adhuhuri haikuwa mbali.

Aliingia ukumbini mikono mitupu. Mzee Abdulbasit alikuwa ameketi kitandani na kikoi na fulana, ameshanyoosha mikono kupokea. Alizijua hatua zake. Mikono ikangoja hewani. Na ndipo, labda kwa sababu nguo haikuja, swali likaja.

"Mama Cynthia, iko tohara?"

Vitanda vyote vilikuwa vinasikiliza.

"Haiko, Mzee."

"Haiko?"

"Haiko. Maji yameishia kwa Bibi Mbithe."

Mzee alirudisha mikono mapajani. Aliligeuza neno hilo kama kitambaa kigeni anachokitafutia upande wa mbele.

"Adhuhuri saa ngapi?" akauliza hatimaye.

"Bado saa moja na nusu," akasema Nzomo.

"Basi nitangoja," akasema mzee. "Nenda, Mama."

Dinah alichukua mtungi mtupu, akajifunga leso kiunoni, akatoka getini. Alivuka reli. Alipita mbele ya maduka ambako watu walimjua, mjane wa karani wa mizigo, akiwa na mtungi mtupu mchana kweupe, na kila salamu aliiitikia kikamilifu. Njia haikuwa ndefu. Nusu yake alitembea akijitafutia maneno, akagundua kwamba kwao hawakumfundisha hata moja.

"Hodi."

"Karibu." Rayhana alitokea na unga mikononi. Akaona ni nani, akauona mtungi.

"Nimekuja kuomba maji," alisema Dinah. Akautua mtungi mlangoni. "Ya Mzee ni kopo tatu tu. Lakini ninao wazee ishirini na wawili, na wote hawana shuka kavu."

Rayhana aliutazama mtungi.

"Mtungi mmoja utawatosha watu ishirini na wawili?"

"Hautawatosha."

"Basi chota huo utangulie nao, sala isimpite. Mkokoteni wa dukani utaleta mingine. Na kesho pia, na keshokutwa, usingoje nikuone umekonda." Akapangusa unga. "Ama kweli nyinyi watu wa milimani! Mtu anakaa karibu na kisima cha mwenzake mwezi mzima!"

Dinah alitaka kusema ahsante kwa namna ya heshima, yenye kunyooka. Aliishia kuitikia kwa macho, kwa sababu mtungi uliojaa ulikuwa umeshapanda kichwani.

Alirudi. Alikung'uta kopo, akaishika kanzu juu, akamimina. Mara moja, maji yakapita yakaenda zake kwenye mchanga mwekundu. Mara ya pili. Mara ya tatu. Akaikamua, akaianika katika ile nafasi yake, akasimama upande wa upepo kuikinga na vumbi kwa mwili wake, maana vumbi la Voi halina adabu. Adhana ya kwanza ilipoanza kusikika kutoka mjini, aliinyakua.

Mzee alinyoosha mikono. Kidole gumba kikapita juu ya mshono, kikashuka.

"Iko tohara?"

"Iko tohara, Mzee. Ila pindo bado ni bichi."

"Pindo si neno," alisema, akaivaa.

Nje mkokoteni wa dukani ulikuwa unaingia getini. Dinah alitoka kwenda kuupokea. Shuka zilikuwa zinamngoja, na mgongo ulikuwa vilevile.